Mapigo Saba ya Shemeji

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi, maana nakujua, siku hizi hata chai unainywa ukiwa umesimama. Mimi ni mzima wa mwili, na kile kikohozi cha mwezi uliopita kimekwisha. Wapwa zangu hawajambo? Yule mdogo bado anakataa viatu? Mfikishie mama mkwe wako salamu zangu za heshima, na umwambie redio yake imepona. Kulikuwa na waya mmoja uliokatika, na mende wawili ambao nimewaomba wahame. Na shemeji yangu namuulizia kuliko wote, ingawa ulishanieleza hali yake kwa kirefu.

Barua yako niliipata Jumanne. Niliisoma nimesimama nyuma ya meza ya dukani, nikaisoma tena nimeketi, kisha nikafunga duka kabla ya saa. Umeniuliza mambo mawili. Kwanza, kwa kuwa mimi ndiye mtu wa muziki katika familia, nikueleze maana ya zile hodi ambazo shemeji anazigonga kwa kidole kwenye ubao wa kitanda, kila mara saba, wala hazizidi wala hazipungui. Pili, umeniomba nitazame tena chumba cha nyuma kama subana yake imeangukia huko, ile kofia ndogo ya chuma aliyokuwa akivaa kidoleni anaposhona, kwa sababu kila akimaliza kugonga anainua kidole na kukitazama kama mtu aliyeibiwa.

Ungeweza kujiuliza kwa nini sikupiga simu. Kwa simu umeshaniuliza mara mbili, na mara zote mbili nilikujibu upesi mno. Karatasi hainikatizi, wala hainishukuru.

Wewe hukuwahi kukaa nasi katika chumba kile. Ulikuwa ukisema huna muda wa kuangalia wanaume wanne wazima wanaokodolea spika macho kana kwamba itazaa. Basi acha nikueleze. Ukipita dukani, penye zile televisheni zilizofunguliwa matumbo, kuna mlango wa pazia. Ndani kuna kochi moja lenye mikono ya mbao, viti viwili, meza ya mashine ya santuri, na spika nilizotengeneza kwa mbao za kabati uliloliacha ulipoolewa. Kila Jumapili saa nane mchana tulikutana hapo: Mwalimu wa hesabu, Kinyozi wa barabara ya pili, mimi, na shemeji, ambaye wenzangu walimwita Shoto kwa sababu anakata na kushona kwa mkono wa kushoto. Tulikuwa tukisikiliza roki, hasa ile ndefu iitwayo progresivu, ambayo wimbo mmoja unaweza kula upande mzima wa santuri. Tukishasikiliza tunabishana mpaka jua linaondoka dirishani. Miaka tisa tulibishana jambo lile lile.

Mwalimu alishikilia kwamba nyimbo za kawaida zinakupeleka dukani na kukurudisha, lakini progresivu inakupeleka usikokujua na ukirudi umekua kidogo. Kinyozi alikuwa katikati. Magitaa aliyapenda, ila wakianza kuimba habari za wafalme na nyota aligeukia dirishani kupunga upepo. Mimi unanijua, niliipenda yote, hata sehemu ambazo hakuna kinachotokea. Shemeji ndiye aliyekuwa mpinzani. Alisema wimbo ni suti, umpime mtu, umshonee, kitambaa kinachobaki ukiweke kando. Hawa jamaa wanamvalisha mteja jora zima. Alisema ni vijana waliokaa studio siku nyingi bila mama wa kuwaita wakale. Na kilichomuudhi kuliko vyote ni mapigo saba. Katika nyimbo zile mpigaji ngoma anaweza kuhesabu mawili, mawili, matatu, kisha anaanza upya, na mchezaji anabaki mguu juu. Shemeji alisema binadamu ana miguu miwili, sasa huyu anayehesabu saba anamshonea nani?

Alikuwa na kichekesho chake. Alitoka kazini moja kwa moja na subana kidoleni, basi ikifika sehemu ya mapigo saba, aliigonga kwenye mkono wa kochi, mawili, mawili, matatu, na mwishoni akajifanya anajikwaa. Tulicheka kila Jumapili. Mimi pia nilicheka, lakini dada, nikuambie ukweli, kuna siku kicheko kilinikwama. Siku aliyokuja nyumbani kukuposa alinikuta na zile santuri zangu, akamuuliza baba mbele yangu kama mashine imeharibika. Baba alicheka mpaka akafuta machozi. Ni utani wa shemeji, sikuwa na haki ya kuuweka moyoni, ila niliuweka.

Sheria yetu ilikuwa moja tu: sindano ikishuka, hakuna kusema wala kunyanyuka mpaka upande uishe. Shemeji ndiye aliyeivunja mara nyingi. Jumapili ile Mwalimu akaja na pendekezo. Kuna santuri ya jalada la kijani ambayo upande wake wa pili ni wimbo mmoja wa dakika ishirini na mbili, na shemeji hakuwahi kuufikisha mwisho bila kuanza ubishi. Mwalimu alisema Shoto akikaa kimya hadi mwisho, basi hukumu yoyote atakayoitoa tutaikubali na ubishi wa miaka tisa utafungwa. Akifungua mdomo, atatundika jalada lile kwenye dirisha la duka lake, katikati ya picha za magauni ya harusi. Shemeji alikubali huku akicheka. Alisema tu kwamba sheria inafunga mdomo, haifungi mikono. Alionekana amechoka, na alisema kichwa kinamgonga tangu asubuhi. Kinyozi akamwambia progresivu itamponya.

Yaliyofuata uliyasikia kutoka kwangu hospitalini. Kwamba upande ulipoisha tuligeuka kumuuliza hukumu yake, tukamkuta ameegemea, mdomo umekwenda kando, upande wa kulia hauna nguvu. Kwamba Kinyozi alileta gari mpaka mlangoni, na mimi ndiye niliyembeba. Daktari aliuliza imeanza saa ngapi, nikamjibu, sasa hivi, wimbo ulipoisha. Aliniambia tumefanya vizuri kumwahisha, kwa sababu kiharusi kinahesabiwa kwa dakika, na kila dakika inaondoka na kitu. Halafu ukaja wewe, ukanishika mikono yote miwili pale kwenye korido, ukasema nimekuokolea mume. Umeyasema maneno hayo mara nyingi tangu siku ile. Nakuomba usiyaseme tena.

Chumba cha nyuma sijakifungua tangu wakati ule, ila mara moja. Mwalimu haji, anasema ni goti. Kinyozi aliniuliza siku moja, mkasi uko sikioni kwangu, kama na mimi nilimsikia Shoto akigonga katikati ya wimbo, halafu kugonga kukakatika ghafla. Nilimwambia sikusikia. Alimaliza kazi yake, akanipangusa shingo. Siku hizi nanyoa mwenyewe, na kama umeona picha niliyokutumia, umeona matokeo.

Mwanzoni mwa mwezi nilipokuja kwenu, unakumbuka, shemeji alikuwa amegeuzwa kuelekea dirishani. Sikuwa nimesema neno. Nilivuka tu kizingiti, na kile kidole cha kushoto kikaanza. Mawili, mawili, matatu. Kikatulia. Akakiinua, akakitazama, kisha akanitazama mimi. Wewe ulilia kwa furaha, ukawaita watoto waje waone baba yao amemtambua mjomba wao. Ulimpa maji, ukamtengenezea mto. Mimi nikasema natoka kuvuta hewa, na nilipokuwa barazani nikasikia ametulia. Sasa unaniandikia kwamba anaanza kila jina langu linapotajwa, kwamba mtaalamu wa mazoezi anaona ni dalili njema, na kwamba mwisho wa mwezi nije na mashine na ile santuri ya kijani, huenda itamfungua ulimi. Dada, nilipofika hapo kwenye barua yako, ndipo nilipofunga duka.

Acha unachokifanya, unisome polepole.

Hakuanza kuumwa wimbo ulipoisha. Dakika ya kumi sehemu ya mapigo saba ilifika, akaanza kugonga subana kwenye mbao kama kawaida yake. Mwalimu alikuwa amefumba macho, ndivyo anavyosikiliza. Kinyozi alikuwa ameelekea dirishani, ametugeuzia mgongo. Mimi nilikuwa kando ya mashine, hatua moja kutoka kwenye kochi. Niliudhika, maana ile ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Kisha wimbo ukabadilika. Ngoma zikanyamaza, kikabaki kinanda peke yake, taratibu. Yeye akaendelea na saba zake, tena kwa nguvu zaidi. Hapo ndipo nilipojua kwamba si utani, kwa sababu anayeudhihaki wimbo huufuata, na huyu alikuwa hausikilizi tena. Alikuwa anagonga kwa kuwa ndicho kitu pekee kilichobaki cha kunifanya nigeuke.

Na niligeuka. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala pajani, kiganja juu. Pembe ya mdomo ilikuwa imeteremka na mate yanamtoka. Macho yake yalikuwa mazima, na yalikuwa kwangu. Mimi natambua amplifaya iliyoungua kwa harufu kabla sijaifungua. Nilijua, dada. Sikujua jina la ugonjwa, lakini nilijua.

Nikanyanyuka bila kishindo. Nikainama, nikamshika kidole, nikamvua subana. Nikaitia kwenye mfuko wa shati, nikarudi kwenye kiti changu.

Kidole hakikuacha. Kiliendelea kupiga kwenye mbao bila sauti, na mimi nikatazama sindano. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na mbili. Nimejaribu kujitetea kwa kila njia. Nimejiambia nilidhani amechoka tu, au kwamba niliiheshimu sheria. Ukweli ni kwamba niliogopa atashinda kwa kuumwa. Tungeuzima wimbo, tukimbie naye, naye angepona kesho yake, na mpaka mwisho wa maisha yetu angesimulia kwamba progresivu ilitaka kumuua dakika ya kumi, na kila mtu angecheka kama baba. Nilitaka kwa mara moja akae, anyamaze, asikie jinsi unavyoisha. Nilijiambia ni dakika chache tu. Unavyoisha ni vizuri sana, na siku ile sikusikia hata noti moja.

Kwa hiyo swali lako la kwanza nimelijibu. Anakuambia alichoniambia mimi. La pili utalijibu mwenyewe ukikunjua kile kipande cha pamba kilichomo ndani ya bahasha. Haikuanguka popote. Ilikuwa kwenye mfuko wangu nilipombeba, ilikuwa kwenye mfuko wangu uliponishika mikono.

Nakuomba umsomee barua hii yote, hata ile habari ya mende, kwa sababu angeicheka. Kisha mvishe subana yake, umuulize kama anataka nije. Agonge mara moja kwa ndiyo, mara mbili kwa hapana. Nitalipokea jibu lolote, lake na lako, na kama la kwako ni kwamba nisikanyage tena mlango wenu, hutahitaji kuniandikia sababu. Mashine nimeifunika. Santuri ya kijani nimeitoa kwenye jalada na kuivunja, vipande vyake viko kwenye ndoo hapa chini ya meza.

Wasalimie wapwa zangu, umsalimie mama mkwe wako, uwaambie wote nawakumbuka. Mama hajui lolote. Nitakwenda kumwambia mwenyewe, usinibebee huo mzigo.

Na dada, asipogonga moja wala mbili, akaanza tena zile saba, nakusihi usimtulize, usimpe maji, usimshike mkono. Mwache agonge mpaka amalize.

Ni mimi,
mdogo wako, fundi wa redio.