Waya Uliouacha Darini

Baba Mwende,

Sijui kama salamu hufika huko uliko, lakini nakusalimu. Ukiona mwandiko unapinda, usianze kunicheka kwamba nimezeeka. Ni woga. Jumanne asubuhi mtoto wetu alipanda darini, nami nilikuwa chini nimeshika ngazi, nikijua jambo ambalo yeye hakulijua.

Mwende amerudi hapa nyumbani Mbumbuni. Siku hizi kazi yake ni ya kompyuta, anaongea na wateja wa mbali ambao hata Makueni hawaijui. Anafanyia katika kile chumba cha mwisho ulichojenga kuwekea mbaazi, kwa sababu hakina kelele za barabara. Lakini intaneti inaingilia sebuleni, na hizi kuta zako, wewe uliyekuwa ukiongeza chumba kila mavuno, zinaizuia. Wateja wakawa wanakatika katikati ya maneno, na wakubwa wake wakamwonya mara mbili. Basi akanunua kebo ndefu ya bluu, akasema ataipitisha darini kutoka sebuleni mpaka nyuma, juu ya chumba chetu, juu ya jikoni.

Aliposema jikoni, niliacha kuchagua ndengu. Nikamwambia tutafute fundi.

"Fundi wa nini, mama? Si mimi ndiye nilikuwa namshikia baba tochi?"

Ni kweli. Unakumbuka ulivyokuwa ukipitisha waya? Ulifunga uzi wa mkonge kwenye gunzi la mahindi, ukalirusha gizani kule juu, naye Mwende upande wa pili akauvuta huku akipiga chafya na kucheka. Ulikuwa ukisema gunzi ni fundi kuliko wewe, maana halichoki wala halibishani. Asubuhi hiyo nilimwona akichagua gunzi guniani, akilipima mkononi vile vile ulivyofanya wewe.

Lakini siri ya mtungi aijuaye kata. Mita yetu ilipoungua kwa radi tuliambiwa tungoje, tukangoja miezi. Mwende alikuwa kidato cha nne, anasoma kwa mshumaa. Mutua ndugu yako alikuwa na stima pale ng'ambo ya ua, ila hamkuwa mkisalimiana kwa ajili ya ule mpaka wa shamba, naye alishinda dukani Malili, akija nyumbani Jumamosi moja moja. Ukavuta waya kutoka kwake kwa siri. Ulisema ni wa taa ya mtoto tu. Mvua ikaja, kuni zikawa mbichi, nami nikakuomba uniwekee koili ya stima nichemshie muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa. Tokeni za stima alizonunua Mutua zikawa zinaisha kabla ya siku zake, akamshuku mwalimu aliyekuwa amepanga chumba kwake. Mwalimu alisimama kanisani akaapa kwamba hajawahi kupikia koili. Mimi nilikuwa benchi la tatu, nikitazama viatu vyangu. Mwisho wa mwezi mwalimu akahama, godoro limefungwa kwenye bodaboda.

Mita mpya ilipokuja ulikata upande wetu, ncha ya waya ukaizungushia tepu. Upande wa Mutua ukaubakiza ulivyo. "Nitautoa Jumamosi," ukasema. Wewe na Jumamosi zako. Zilipita nyingi, mpaka sukari ikakulaza kitandani, ukanishika mkono ukaniambia, "Hiyo ya waya izikwe na mimi." Nikakubali. Kwetu hakuna anayechezea neno la mwisho la mtu, hata akiwa mama wa kanisa. Nimelibeba nikiogopa kwamba siku nitakayolivunja litamrudia mtoto.

Jumanne Mwende alizima swichi kubwa, akanionyesha kwamba taa zote zimezimika ili nisiwe na wasiwasi. Hapo ndipo woga uliponishika barabara, maana swichi yetu haina amri juu ya waya ule. Akapanda mapema, kabla mabati hayajapata moto. Nilisikia magoti yake yakisogea juu ya mbao, yakapita sebule, yakapita juu ya kitanda chetu. Gunzi likarushwa, likagonga, likakwama.

"Limeshikwa juu ya jikoni," akasema. "Wacha nilifuate."

Nilitaka kumwambia ashuke, sikumwambia. Nakwambia ukweli, nilikuogopa. Niliuona uso wako pale kwenye mto. Nikajiambia pengine tepu bado inashika, pengine panya hawajaila, pengine gunzi liko mbali nayo. Magoti yakasogea tena, nami nikayafuata huku chini mpaka jikoni. Vumbi likaniangukia kichwani, mimi nikiwa nimesimama pale pale nilipokuwa nikipikia ile koili.

"Mama, kuna waya mwingine huku. Ni wa nini?"

"Usiuguse."

"Si nimezima main switch?"

"Usiuguse, Mwende. Huo hauzimwi na swichi yetu. Unatoka kwa anko wako."

 Nikamsikia akitoa mfukoni testa ya kupimia stima. Aliniambia baadaye kwamba tepu ilikuwa imekauka ikabanduka, shaba iko nje, na mkono wake ulikuwa umebakisha shibiri moja. Kile kitaa cha testa kiliwaka. Miaka yote hiyo, na bado kiliwaka.

Alishuka pole pole, akaketi sakafuni na vumbi lake. Nilimwambia yote, hata ya koili, hata ya mwalimu. Hakunigombeza. Aliuliza jambo moja tu: "Ni ile taa niliyosomea?" Nikaitikia kwa kichwa. Alitazama mikono yake kwa muda, nami nikaona aibu kwa niaba yetu sote wawili, mimi na wewe.

Waya wa namna hiyo hautolewi mpaka uzimwe kule unakotoka, kwa hiyo mahali pa kujificha pakaisha. Mwende alitaka kwenda yeye. Nilikataa, kwa sababu aliyepikia koili ni mimi. Mutua siku hizi anashinda nyumbani, miguu inamsumbua. Nilimkuta anapura mbaazi, nikasema yote nikiwa nimesimama.  Akasema, "Yule mwalimu nilimwita mwizi." Jina lako hakulitaja. Akaenda akazima. Tangu siku hiyo hajatia mguu kwetu, na mbwa akibweka langoni naenda kuchungulia dirishani, kwa sababu najua atakuja, na sijui atakuja na neno gani.

Mwende ameutoa waya, na kebo imepita. Namsikia Mwende kule chumba cha mbaazi akiongea, wala sauti haikatiki. Amesikia kwamba mwalimu anafundisha upande wa Mwingi, anataka twende tumwombe msamaha. Safari hiyo naiogopa kuliko ile ngazi, lakini nitaenda.

Kama umekasirika, nikasirikie mimi, mtoto umwache. Wewe mwenyewe ulimtafutia taa.

Kipande cha mwisho cha waya, kile chenye tepu yako, kiko hapa mezani ninapoandika. Mwende amekipima mara mbili mbele yangu, kitaa hakikuwaka. Hakijaunganishwa na kitu chochote. Nimekigusa hata hivyo, kwa kidole kimoja, macho nimefumba, nikikungoja.

Pumzika sasa. Kazi yako ya Jumamosi imekwisha.

Ni mimi,
Mama Mwende