Huku Kyela "naomba" ni marufuku

Mama, shikamoo. Doa hilo pembeni ni mchuzi wa mbasa, samaki wa Ziwa Nyasa. Usije ukadhani nalia.

Sisi watafiti wachanga tunafundishwa kuandika maandiko ya kutafutia fedha za utafiti, zile zinazogombewa na dunia nzima. Jana nilisimama kusoma langu, la ugonjwa unaoozesha kokoa za Makwale. Nikaanza: "Kwa heshima na taadhima, naomba..." Mwalimu wetu, mama wa Kinyakyusa asiye na subira, akanikatiza: "Mwanangu, kwani unaomba likizo? Tuambie kokoa zinaoza kwa nini na wewe utafanya nini!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Tangu hapo "naomba" ni marufuku. Ukiteleza, unaimba mbele ya wenzako.

Mchana tukaenda kula ufukweni, mvua ikipiga bati hata hatusikilizani. Wali wa hapa, mama, unaunusa kabla hujauona! Mwalimu akamgeukia mhudumu: "Dada, naomba ndimu." Weee! Tulipiga meza mpaka mchuzi ukamwagikia daftari hili ninalokuandikia. Akaimba kwa Kinyakyusa, na mhudumu akamwitikia.

Leo nimeifuta taadhima yote. Andiko sasa linaanza hivi: "Kokoa za Makwale zinaoza, na nadhani najua sababu." Nimeandika hivyo mimi, uliyenilea kwa tafadhali na samahani! Kesho nalisoma mbele ya jopo linalopima maandiko yetu.

Niombee wewe, mama, maana mimi huku nimekatazwa.

Mwanao, Rehema