Jina Halitumwi kwa Posta

Seattle, 4 Septemba 2022

Mwanangu Leota,

Hujambo? Kazi za huko Spokane zinaendeleaje, na ule mgongo wako? Mimi ni mzima, ila kikohozi kidogo, cha uzee tu.

Bado nakaa kwenye ile meza ya dirishani katika nyumba ndefu ya ukoo, naandika kadi za shukrani. Wenye kulipa kodi wameongezeka. Nakuambia tena maana ulikataa kuamini: watu wa mjini, hakuna aliyewalazimisha, kila mwezi wanatutumia chochote, hata dola ishirini, kwa kuwa wanaishi juu ya ardhi yetu sisi wenyeji wa asili. Mmoja aliuliza akichelewa kulipa tutamfukuza? Nikamjibu, tumewavumilia miaka mia moja na sabini, usiwe na haraka.

Yuko bibi mmoja, Bi Solveig, ana miaka themanini na mmoja. Cheki yake haikosi, na kila mara anaandika hali ya hewa, kama vile mimi niko Uchina na si mtaa wa tatu kutoka kwake.

Sasa neno lenyewe. Jina la bibi yako nimelishika mimi peke yangu tangu baba yako afariki. Ni lako. Njoo nikuvike blanketi, nikupe.

Shangazi yako,
Verna

Spokane, 29 Septemba 2022

Shikamoo Shangazi,

Mimi sijambo, mgongo umepoa. Nimefurahi kusikia ni kikohozi tu.

Shangazi, usinikasirikie, lakini hao walipaji wako wananichekesha. Dola ishirini! Nyumba nilimozaliwa hapo mtoni imevunjwa, pamejengwa ghorofa sita, na chumba kimoja pale ni dola elfu mbili na mia moja. Waambie wanaotaka kulipa kodi waje wanilipie ya kwangu huku, ndipo nitawaandikia kadi.

Jina nalitaka. Je, huwezi kuniandikia tu kwenye barua? Nitalisoma kwa sauti, nivae blanketi mwenyewe bafuni.

Mwanao,
Leota

Seattle, 11 Oktoba 2022

Leota wangu,

Salamu. Mimi mzima.

Bafuni! Bibi yako angekuchapa kwa mkeka wa bafu. Jina halitumwi kwa posta kama bili ya umeme. Unasimama juu ya blanketi, nakuvika jingine mabegani, nalitamka jina, na mashahidi wanasikia. Wewe usiposimama, mimi silitamki. Unajua hivyo.

Kazi ilikuwa mashahidi. Wetu wote wamehama kama wewe; mmoja Yakima, wengine Tacoma, wengine sijui. Basi nimewaita wenye kulipa kodi. Unacheka? Kumi na mmoja wamekubali. Kila mmoja atapewa sarafu zake mbili za robo dola, kama desturi, alipwe kwa kukumbuka. Bi Solveig ameuliza kama atatoa risiti.

Ni Jumamosi, tarehe 12 Novemba, saa saba mchana. Njoo, mwanangu. Usiniambie mwakani.

Shangazi yako,
Verna

Spokane, 9 Novemba 2022

Shikamoo Shangazi,

Mimi mzima kabisa. Kikohozi vipi?

Nisamehe. Hapa kwenye chumba cha kufulia cha hoteli wametupa zamu za ziada Ijumaa na Jumamosi, kwa malipo mara moja na nusu, na mwenye nyumba amenipa mpaka tarehe 15. Nikikosa, niko nje. Simu nayo imekatwa, ndiyo maana naandika badala ya kupiga. Waambie mashahidi wako tuweke Aprili, theluji ikiisha milimani. Aprili nakuja hata kwa miguu. Jina limengoja miaka yote hii, litangoja miezi mitano.

Mwanao,
Leota

Seattle, 14 Novemba 2022

Leota,

Barua yako imefika leo Jumatatu. Ijumaa ilikuwa sikukuu, posta walifunga. Watu walikuja Jumamosi.

Usilie. Samoni ililiwa yote.

Mimi mzima.

Shangazi yako,
Verna

Spokane, 20 Desemba 2022

Shangazi,

Shikamoo. Mbona kimya? Nimekuandikia mara mbili. Kama umekasirika, nitukane, lakini andika.

Nilikudanganya kidogo. Chumba kilichukuliwa hata hivyo; tangu mwezi uliopita nalala garini, barua nazipokea hapa kazini. Nilikuwa naandika "mzima" kwa sababu wewe nawe ulikuwa unaandika "mzima."

Aprili nakuja.

Mwanao,
Leota

Seattle, 4 Machi 2023

Shangazi,

Safari hii siulizi hali. Jina lako sikuliandika juu ya bahasha wala silitamki, mwaka wa msiba wako bado haujaisha. Barua hii naiweka motoni ikufikie huko, pamoja na sahani yako: samoni, viazi, na kahawa yenye sukari uliyokatazwa.

Wameniambia ugonjwa wa mapafu uliujua tangu Agosti.

Jana nilikwenda kwa Bi Solveig. Nilitaka kumchukia, nikakuta nyumba yake inavuja. Nikamwuliza, "Bibi, siku ile shangazi alisema jina gani?"

"Hakusema, mwanangu."

"Hata kwa kunong'ona? Hata mara moja?"

"Mimi nililipwa kukumbuka," akasema, "kwa hiyo nitakuambia nilichoona. Alitandika blanketi moja chini. La pili alilishika wazi, hivi, kama mama anayemngoja mtoto atoke kuoga. Tulimletea kiti, akakataa. Alisimama mpaka chakula kikapoa. Saa tisa akalikunja, akatugawia sarafu, akasema asanteni kwa kuja."

Akatoa sarafu zake mbili kwenye kisahani cha vifungo akanipa. "Chukua wewe. Kazi yenyewe hatukuifanya."

Nikamrudishia. Nikamwambia mmeifanya, Bibi, na endeleeni kukumbuka.

Blanketi ninalo. Bado lina mikunjo yako.

Mwanao,
Leota, mwenye jina moja tu