Mwaka Nilioandika kwa Mumba

Kamalondo, Lubumbashi
Tarehe 12, mwezi wa tatu, 2025

Mpendwa kaka yangu, Yaya Mwelwa,

Kabla ya salamu nakuomba: isome barua hii peke yako, kisha uichome. Usimsomee hata mke wako. Aliyekuletea hajui kilichomo. Neno moja likitoka huko Mufulira likafika hapa, nitapoteza kazi, na labda si kazi tu.

Sasa nikusalimie. Hujambo wewe na watoto? Mguu wa Mama Mukubwa Kapya umepona? Sisi tuko wazima, ila mama anauliza kwa nini sili. Nimemwambia ni tumbo.

Unajua kwamba ninatafsiri karatasi za Kiingereza katika kampuni ya mgodi. Mgodi unataka kupanuka hadi kwetu, kwa Mumba, na watu wote watahamishwa. Mwezi wa kumi na moja nilitumwa huko na fishi, ile karatasi ya maswali, kwa kuwa najua lugha ya kwetu. Mfumu Mumba, mkuu wa kijiji, alinitazama nikiandika, akacheka: "Eh, mutoto wa kwetu! Banakusomesha miaka yote ile, na maandiko yako iko sawa kuku amepita mu matope!"

Nilimwuliza walifika pale mwaka gani. Akajibu kwamba ni baada ya mfumu aliyemtangulia kufa: "2011, kisha mukubwa kufa." Nikaandika 2011. Yaya, niliandika bila hata kufikiri.

Wewe na mimi tunajua mambo ya kwetu. Mfumu akifa, watu huhama. Huacha nyumba na makaburi, hujenga ng'ambo ya mto, na anayerithi huitwa Mumba tena. Kijiji ni kile kile tangu babu wa babu zetu. Lakini fishi ilikuwa na mstari mmoja tu wa mwaka.

Wiki iliyopita nilipewa kitabu cha maelezo ili nikitafsiri, na hapo ndipo nilipoona. Neno lao ni "village", yaani kijiji. Linaandikwa sawa na la Kifaransa, kwa hiyo nilikuwa nimelipita mara mia bila kulitazama. Kitabu kinasema village ni nyumba zilizokaa mahali pamoja tangu kabla ya mwaka 2000. Watu wake watajengewa nyumba nyingine na kupewa mashamba. Nyumba zilizokuja baadaye ni kambi, na watu wa kambi watapata turubai na gunia la unga, basi. Kwa mwaka nilioandika mimi, kwa Mumba ni kambi. Nyumba sitini na moja.

Nimelitafuta neno hilo katika karatasi zao zote. Nyumba za wahandisi, zile zenye ukuta na bwawa la kuogelea, zilijengwa miaka minne iliyopita, nazo zinaitwa village. Hakuna aliyeziuliza mwaka. Na kwenu huko ng'ambo ya mpaka, mnakosema Kiingereza, mtu aliyezaliwa Mufulira bado anasema village yake ni kule alikotoka babu yake, hata kama hajalala huko siku moja. Basi Kiingereza chenyewe kina nafasi ya watu wa Mumba. Kitabu hiki ndicho kilichowafungia.

Nilikwenda kwa shefu wangu, Liévin. Alifunga mlango kwanza.

"Chileshe, banakulipa juu ya kutafsiri, habakulipe juu ya kukumbuka. Ile fishi iko na sinyatire."

"Sahihi ya nani, Shefu?"

"Yako, mama. Yako."

Tangu siku hiyo mlinzi anapekua mkoba wangu kila ninapotoka. Rachid, dereva aliyenipeleka kwa Mumba, amefukuzwa, na sababu hakuambiwa. Mimi nina nakala ya fishi, nimeishona ndani ya godoro. Pikipiki ikisimama nje, nazima taa.

Ripoti itafungwa Ijumaa, tarehe 21. Siku hiyo wanakuja wageni wa kuikagua. Nitawaambia kosa ni langu, lakini bila karatasi ya zamani hawatanisikia. Karatasi hiyo iko kwako: buku la babu, kile kitambulisho alichopewa wakati wa Wabelgiji, kabla hajavuka kufanya kazi kwenye migodi ya huko. Ukurasa wa pili una jina la kijiji chake, Mumba, na muhuri wa 1954. Niliuona nikiwa mtoto, katika sanduku la Mama Mukubwa.

Nisalimie Mama Mukubwa, wifi na watoto, bila kuwaambia kwa nini nimeandika. Mungu awafunike nyote, nasi asituache.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Chileshe

Usinipigie simu, ninayotumia ni ya kampuni. Jumanne, tarehe 18, uje na buku Mokambo, pale mpakani. Mujinga, mshonaji jirani yangu, atakuwa mbele ya maduka ya vitenge, amejifunga kitambaa cha manjano kichwani. Mwulize kama gauni langu limekwisha. Akisema limekwisha, mpe. Akisema nimesafiri, usimpe: mimi sina safari yoyote. Vuka na buku, ulipeleke mwenyewe kwa mfumu Mumba, umwekee mkononi, awaonyeshe wale wageni Ijumaa.