Bwana Athmani Apanguse Viatu vya Twaiba

Jumatatu. Joto limeanza mapema leo, lakini mimi nilikuwa nimechemka kabla yake.

Asubuhi hii nimeingoja siku ishirini na tatu. Naandika bado nimevaa buibui, kwa sababu nikikaa nikapumzika nitaanza kujidanganya juu ya kilichotokea.

Twaiba ni mtoto wa kaka yangu. Ana miaka minne, anajua majina ya punda wote wa mtaa wetu, na anatembea kwa viatu vilivyoungwa na vyuma vinavyopanda hadi magotini. Akivivua, hasimami. Kaka alipompeleka chekechea ya madrasa, hatua chache tu kutoka nyumbani, alirudi naye. Hakuna aliyewatukana. Waliambiwa kwamba viatu haviingii kwenye mikeka, kwamba hapo ndipo watoto wanaposomea Kurani, na kwamba desturi haiwezi kuvunjwa kwa ajili ya mtoto mmoja. Mwenyekiti wa kamati, ambaye nitamwita Bwana Athmani ingawa mtaa mzima utamjua, alimwombea Twaiba dua, kisha akafunga mlango.

Dua, kisha mlango.

Kaka ni mpole, akanyamaza. Mimi si mpole. Siku hiyohiyo niliandika makala ya kumchoma Bwana Athmani tangu kofia hadi makubadhi. Sikuichapisha. Si kwa huruma. Nilitaka kwanza nipate kitu kitakachomuuma zaidi.

Nilikipata kwa jirani, Bi Naomi. Ni Myahudi, mgeni aliyepanga nyumba ya pili kutoka kwetu, mwalimu mstaafu wa chekechea. Tumewahi kubishana juu ya siasa za dunia mpaka tukakaa wiki nzima bila kusalimiana. Nilimpelekea ghadhabu zangu nikitaraji anihurumie. Badala yake alinisimulia chekechea aliyofundisha kwao, ya jamii yake ya Kiyahudi. Mjane mmoja mwenye uwezo alijitolea kuigharimia kwa sharti moja: asirudishwe mtoto yeyote kwa sababu ya mwili wake au akili yake. Kwa msaada ule wakaongeza mwalimu, wakateremsha meza, wakajifunza kazi yao upya. Kila Ijumaa watoto wale hujiandaa kuipokea Sabato kwa mkate uliofunikwa, na mwaka mmoja kazi ya kuufunua alipewa mtoto ambaye hakuwa akisema hata neno moja. Bi Naomi alisema watoto wenzake walimwonea wivu.

Kisha akaniuliza, "Nyumba ya madrasa yenu aliitoa nani? Alisema iwe ya nani?"

Sikujua. Mimi ninayewasuta watu kwa kutojua historia yao, sikujua.

Aliyeitoa wakfu ni bibi mzaa babu yetu, ambaye ndiye pia bibi mzaa babu yake Bwana Athmani. Nakala ya hati ilikuwa chini ya kasha la marehemu baba, na katika maisha yangu yote sikuwahi kuifunua. Bibi yule aliandikisha kwamba nyumba ni ya kusomeshea watoto wa mtaa, wote, asikataliwe hata mmoja. Nilicheka peke yangu kama mtu aliyeokota kisu kikiwa tayari kimenolewa.

Alhamisi iliyopita, baada ya Alasiri, nilisimama mbele ya kamati nikaisoma hati mara tatu. Mara ya tatu haikuhitajika. Niliisoma kwa raha yangu. Bwana Athmani alisema nawaletea mambo ya Mayahudi.

"Haya ni mambo ya bibi yako na yangu," nikamwambia. "Myahudi amenikumbusha tu kusoma."

Walikubali aingie, viatu vikipanguswa mlangoni. Ilitosha. Twaiba alikuwa ameshapata nafasi yake. Lakini mimi nilikuwa sijapata yangu. Nikasema apanguse mwenyekiti kwa mikono yake, siku tano, ama sivyo nichapishe makala na niipeleke hati kwa kadhi. Wenzake walimtazama. Akakubali.

Leo alikuja na beseni na tambara. Akaikusanya kanzu, akachutama, akapangusa. Nikamwambia na nyayo. Akapangusa nyayo. Nikamwambia na vyuma. Mpita njia mmoja akamuuliza kama na yeye amletee vyake, na watu wakacheka. Nilisikia utamu hadi kwenye meno. Nikamwambia arudie mguu wa kushoto.

Twaiba alikuwa ameshika kofia ya Bwana Athmani asianguke. Ndani watoto walikuwa wakiimba wimbo wa kuamkiana, ule ambao kila mmoja hutajwa jina. Amekuwa akiufanyia mazoezi nyumbani tangu Ijumaa.

Ukaisha.

"Shangazi," akasema, "wameshaimba."

Bwana Athmani akainua uso, tambara mkononi. Hakuwa na hasira. "Bi Zuhura, mpe mwana ndia apite."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo nisilomsamehe.

Nilikuwa nimejiandaa kukumbuka asubuhi hii maisha yangu yote: uso wake, mgongo wake ulivyoinama, maji machafu ya beseni. Sasa kila nikijaribu naona macho ya Twaiba yakitazama ndani ya chumba. Siku zote zile Bwana Athmani ndiye aliyemzuia mlangoni. Leo nilimzuia mimi, nikiwa na hati ya bibi yangu mkobani.

Zimebaki siku nne za adhabu ya Bwana Athmani, na sitampunguzia hata moja. Lakini kesho atapangusa mara moja tu, nami nitasimama ng'ambo ya kichochoro, mdomo nimeufumba.

Nitaweza?