Mgongo Ambao Daktari Hakuuona

Lubumbashi

Mama yangu mpenzi,

Jambo sana. Magoti yako yanakusumbua bado? Mvua imefika huko Kongolo, au mahindi yanangoja tu? Huku watoto wanakwenda masomo, wanakula, wanagombana. Mimi ndiye si mzima, Mama. Tangu jiwe linipige mgongoni kule chini ya mgodi nimekuwa nikikuandikia kwamba ni uchovu. Nilikudanganya, unisamehe.

Bima ya kampuni ilitaka nipimwe na daktari asiye wa upande wao wala wangu. Akisema siwezi, nitapewa kazi ya juu, kwenye ghala. Akisema naweza, narudi chini. Naye yuko nchi ya mbali, anapima watu kwa video. Kwetu umeme unakatika kila siku, basi mke wangu Charlotte akanipeleka kwenye cyber ya Kasapa, mahali pa kulipia intaneti, katikati ya wanafunzi wa universite. Nilivaa koti langu la harusi. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mbele ya mkubwa mtu hajikunji.

Daktari alikuwa mzee mwenye adabu. Akaniuliza kwa Kifaransa kama sijambo. Nikajibu upesi, kama tunavyojibu sote hata tukiwa na maiti ndani ya nyumba: niko bien, docteur, nashukuru. Nikamuuliza na habari za watoto wake. Charlotte akanifinya.

Akaomba nilale kifudifudi, Charlotte apitishe simu juu ya mgongo. Nilale wapi? Palikuwa na viti vya plastiki tu. Akasema basi nitembee. Nikaanza kutembea, picha ikaganda. Iliporudi nilikuwa nimeketi kwa maumivu, jasho linanitiririka ndani ya koti. Akauliza kama nimetembea. Nikasema ndiyo, docteur.

Njiani Charlotte hakuninyamazia.

"Banza, kichwa yako iko muzima? Mutu anaendaka kwa munganga kusema 'niko bien'?"

"Ningemuambia nini? Hata bonjour ilikuwa haiyaisha!"

Watu wa njiani walicheka. Mimi sikucheka.

Karatasi imekuja jana. Imeandikwa kwamba najisikia vizuri, nimetembea bila shida, nirudi kazini. Nimeomba kupimwa tena, mahali penye kitanda, na mtu wa kushika simu. Wamekubali, lakini hawakusema lini, na wakati wa kungoja lazima nifanye kazi. Nina hasira, Mama, zaidi na mimi mwenyewe. Na nina woga, maana kule chini jiwe likilia kabla ya kuanguka watu wanakimbia, na mimi kukimbia nimeshindwa.

Nisalimie Mama mdogo anayeuza samaki, na kaka yangu wa reli. Mjomba katekista aniombee, asitangaze kanisani.

Jumatatu nashuka. Charlotte atanifunga kamba za viatu, kwa sababu kuinama siwezi.

Mwanao,
Banza