Gari Halijaoza

Baba Watoto,

Nimekwenda kununua rangi. Usiguse mlango wa nyuma wa gari, dawa ya kutu bado mbichi.

Asubuhi nilikusikia ukimwambia kaka yako kwenye simu, "Limeoza, waje watu wa vyuma chakavu walibebe." Nilichukua brashi ya waya na msasa, nikakwangua. Kumbe kutu imekula ngozi tu, mfupa uko mzima! Tundu ni moja, chini ya mlango. Fundi wa kuchomelea anakuja jioni. ~~Sitaki kukuona hapo.~~ Mshikie taa.

Kitinda mimba wetu alizaliwa ndani ya gari hilo, wewe ukiendesha huku unalia. Umesahau?

Watu wa vyuma walifika. Hawakuondoka mikono mitupu: nimewapa baiskeli yako.

Mama Watoto